Pumzi ya Samaki Stima Ikipotea

Radi ilipiga upande wa milima ya Nandi, mvua ikashuka Migosi, mtaa wetu hapa Kisumu, kwa kishindo, na taa zilipozimika mara ya pili nilijua hazitarudi usiku ule. Jirani yangu akabisha hodi akiwa na mwanawe wa miaka sita. Walikuja kuomba kiberiti. Sebuleni mlikuwa giza totoro, lakini kwenye kona maji yalikuwa yakitokota kwa sauti ndogo: pampu ya hewa ya tangi la samaki ilikuwa ingali inafanya kazi kwa chaji ya UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba ya kompyuta.

Mtoto alisimama akasikiliza. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Anti, mbona samaki wana stima na sisi hatuna?"

Mama yake alimvuta mkono akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna neno, wakaenda zao na kiberiti.

Swali halikwenda nao.

Kwa majuma kadhaa limenifuata jikoni, kwenye matatu, hata kanisani. Nimejaribu kulijibu kwa hesabu na kwa dhamiri, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyapata njiani. Naanza na hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoiweza kwanza.

Kinachokatika ni hewa

Mgeni akiona tangi limezimika, huhurumia samaki kwa kukosa taa. Taa si kitu. Samaki wanalala gizani ziwani tangu dunia iumbwe. Chakula nacho si kitu. Samaki mzima anaweza kushinda siku kadhaa bila kula, na stima ikipotea ni heri asile kabisa, kwa sababu tumbo lililojaa hudai oksijeni zaidi na uchafu wake huchafua maji ambayo hayachujwi tena.

Kinachokatika ni hewa. Oksijeni huingia kwenye maji kupitia uso wake, pale maji yanapokutana na hewa, na maji yakitulia tuli huingia polepole mno. Viputo vinavyopanda kutoka kwenye jiwe la hewa (kile kijiwe chenye vitundu kilicho mwishoni mwa mpira wa pampu) havileti oksijeni nyingi vyenyewe. Kazi yao kubwa ni kuuvuruga uso na kuyazungusha maji ya chini yaje juu. Ziwa hufanyiwa kazi hiyo na upepo na mawimbi. Tangi lina pampu tu.

Na sisi wa Kisumu tuna mzigo wetu. Mji uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Maji ya nyuzi 26 pale pwani yanaweza kubeba karibu miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Hapa, kwa joto hilohilo, yanabeba 7 hivi. Maji yakizidi kupata joto yanabeba kidogo zaidi, na samaki naye anapumua haraka zaidi. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya kuhusu kupotea kwa umeme huanza na baridi: jinsi ya kutunza joto, hita ipi uiunganishe na betri. Niliisoma mingi kabla ya kuona kwamba haikuandikiwa chumba changu. Mchana wa Februari hapa, hita ndicho kitu cha mwisho ninachokifikiria.

Jike mwenye mayai

Usiku ule wa kiberiti, UPS ililia, ikalia tena, kisha ikanyamaza kabla ya saa sita. Pampu ikanyamaza nayo.

Samaki wangu ni fulu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Niliwapata Dunga, ufuko wa wavuvi, kwenye ndoo ya chambo. Wavuvi wanaotega mbuta (sangara) kwa ndoana huwatumia fulu wadogo wakiwa hai, na mzee mmoja aliponiona nimeinama juu ya ndoo kwa muda mrefu aliniambia, "Nyathina (mwanangu), chukua hao, wengine nitapata kesho." Sikuwa na mpango wa kufuga samaki. Nilirudi nyumbani na mkebe wa maji mapajani, tuk-tuk ikiruka mashimo, nami nikiushika mkebe kwa mikono miwili.

Sasa mmoja wao, jike, alikuwa amebeba mayai mdomoni. Jike wa fulu hufanya hivyo kwa majuma mawili au matatu, na muda wote huo ni kama hagusi chakula. Hutafunatafuna polepole ili mayai yapate maji mapya. Akikosa hewa huyatema, au huyameza.

Kwa tochi ya simu nikamwona amepanda juu, pua kwenye uso wa maji, matamvua yakienda mbio.

Nikachukua jagi la plastiki. Nikachota maji nikayamwaga kutoka juu, nikachota nikamwaga. Mtu yeyote anayefuga samaki na hana shilingi ya betri anapaswa kujua hili: jagi ni pampu. Dakika tano za kumwaga, kisha unapumzika, unaangalia, unarudia wakianza kupanda tena. Haya si mambo ya kujifariji. Ni njia halisi ya kuingiza oksijeni majini, na wengi wamewaokoa samaki wao hivyo. Gharama yake ni usingizi.

Alfajiri mayai yalikuwa bado mdomoni mwake.

Lakini nilipokuwa nikimwaga lile jagi jambo jipya lilinijia. Hadi usiku ule nilijiuliza swali moja tu: nina betri kiasi gani? Swali la kwanza lilipaswa kuwa lingine kabisa.

Tangi hili linaweza kuvumilia kwa muda gani bila betri yoyote?

Subira ya tangi

Jumamosi iliyofuata nilizima pampu kwa makusudi, mchana, nikiwa nimekaa na kiti mbele ya kioo. Sikufanya hivyo usiku kwa sababu nilitaka kuona vizuri, na nilitaka kuweza kuiwasha papo hapo.

Kabla ya hapo nilipiga hesabu kwenye karatasi. Chukua tangi la lita 120. Likiwa limejaa oksijeni kwa kiwango cha Kisumu, lina miligramu 840 hivi. Samaki wengi huanza kuwa hatarini kikweli kiwango kikielekea miligramu 2 kwa lita, kwa hiyo kilichopo cha kutumia ni kama 600. Tuseme samaki wote pamoja wana uzito wa gramu 200, na kila gramu inatumia robo ya miligramu kwa saa, kiwango cha kawaida kwa samaki wadogo wa maji ya joto. Wanatumia 50 kwa saa. Una saa kumi na mbili.

Weka samaki mara mbili. Una saa sita.

Na hapo sijahesabu bakteria. Wale wanaoishi kwenye sponji na changarawe, wanaogeuza amonia kuwa kitu kisichoua haraka, nao wanapumua, na wanapumua sana. Mimea, ambayo mchana inatoa oksijeni, usiku inaila. Kwa upande mwingine, uso wa maji huingiza kidogo hata ukiwa umetulia, na tangi pana na fupi huingiza kuliko refu na jembamba. Karatasi haiwezi kukuambia yote hayo. Ndiyo maana nilikaa na kiti.

Niliyoyaona yalikuwa wazi kuliko karatasi. Kwanza hawakujali. Kisha walio wakubwa wakaacha kufukuzana. Halafu wakaanza kukusanyika juu, mmoja baada ya mwingine, madume kwanza. Nikawasha pampu wakiwa bado hawajaanza kuhema, na nikajua uvumilivu wa tangi langu unaishia wapi. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

Hivyo, hatua yangu ya kwanza ya kujikinga na giza haikuhusu umeme hata kidogo. Niligawa samaki. Nusu ya fulu walikwenda kwa rafiki mwenye tangi kubwa Mamboleo. Ile nusu iliyobaki ilipata muda maradufu bila waya wala chaji.

Nadhani hili ndilo tusilopenda kuambiana sisi wapenda samaki. Tangi lililosongamana linapendeza. Pampu ikifanya kazi, linaonekana lina afya. Lakini linaishi kwa mkopo wa stima, na siku stima ikipotea mkopo unadaiwa wote kwa mkupuo.

Na hapa kwetu siku hiyo si ya kubahatisha. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, nchi iliingia gizani tena, na sehemu nyingi hazikuona taa mpaka Jumamosi. Tangi lenye uvumilivu wa saa tatu halivuki usiku wa namna hiyo.

Swali la fundi

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi wa redio pale Kondele. Nilitarajia aniuzie inverta kubwa. Aliniuliza tu, "Mama, unataka kuwasha nini?"

Nikamwambia, pampu ya hewa.

"Inakula wati ngapi?"

Nikageuza kile kipampu nikasoma nyuma. Wati 2.

Akanitazama, kisha akaifungua UPS yangu mezani. Ndani mlikuwa na betri moja ya volti 12 na amperi-saa 7, ileile inayowekwa kwenye kengele za wezi. Zidisha, unapata wati-saa 84. Betri ya risasi haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho, kwa hiyo tumia nusu: 42. Gawanya kwa 2.

Zaidi ya saa ishirini.

Mbona basi ilikufa kabla ya saa sita za usiku? Kwa sababu UPS inachukua umeme wa betri na kuugeuza uwe wa ukutani, volti 240, na mitambo yake yenyewe mara nyingi hula wati kumi au zaidi hata kama umeiwekea mzigo wa wati 2. Betri ilikuwa inailisha UPS. Samaki walikuwa wanapata makombo.

Nilitoka pale na betri ileile, pampu nyingine ndogo ya volti 12 inayokula moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na nguzo ya betri (msiiache fyuzi, betri ndogo inaweza kuwasha waya moto), na chaja yake. Fundi aliongeza rilei, swichi inayoendeshwa na stima yenyewe: stima ikiwepo, inazuia umeme wa betri usifike kwenye pampu, stima ikipotea, inaachia, na pampu inaanza yenyewe.

Hilo la kuanza yenyewe ndilo lenye uzito kuliko yote. Stima haipotei nikiwa nyumbani tu. Inapotea nikiwa kazini, nikiwa Siaya kwenye matanga, nikiwa nimelala fofofo. Betri kubwa kabatini inayongoja mtu aje aiunganishe haiwafai samaki waliobaki peke yao.

Kwa asiye na fundi, kuna pampu ndogo za kuchomeka kwenye pawabanki, za wati 1 hivi. Pawabanki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37 kwenye karatasi. Baada ya hasara za ndani inaweza kuendesha pampu hiyo karibu siku nzima. Ila ijaribuni kabla ya kuiamini. Pawabanki nyingi huzima zenyewe zikiona kinachochajiwa kinavuta umeme kidogo sana, zikidhani simu imejaa.

Na kuna njia ya zamani ambayo naipenda kwa sababu vifaa vyake vimejaa kila kona ya mji huu: tyubu ya tairi. Ijaze kwa pampu ya mguu, funga mpira mwembamba kwenye vali, weka koki ndogo ya kupunguza hewa, na jiwe la hewa upande wa pili. Tyubu ya lori inaweza kutoa viputo kwa muda mrefu. Msiijaze kwa kompresa ya gereji, kwa kuwa hewa yake huja na mafuta.

Neno moja kuhusu filta, maana wengi huangalia hewa wakaisahau. Ile ya kopo iliyofungwa, ikisimama kwa saa nyingi, bakteria waliomo humaliza oksijeni yao na kuanza kufa, na stima ikirudi inayatapika maji hayo mabovu kwenye tangi. Ifungue uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Mimi nimehamia kwenye filta ya sponji inayoendeshwa na hewa. Kila pampu imefungiwa vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma inaposimama. Ile ya betri ikianza, samaki wanapumua na bakteria pia.

"Si uwarudishe?"

Basi nikawa na jibu la mtoto, au nilidhani hivyo. Nilimkuta ngazini nikamweleza: samaki hawana stima ya nyumba nzima, wana kidogo mno, haiwezi kupika wala kuwasha televisheni. Kule ziwani mawimbi huwafanyia kazi hii bure. Hapa hakuna mawimbi, ndiyo maana nawapa pampu.

Alifikiri.

"Basi si uwarudishe?"

Hilo sikulitarajia, na ndilo lililonifanya niandike.

Kuwarudisha kunaonekana haki. Dunga si mbali. Lakini samaki aliyeishi kwenye tangi anaweza kubeba magonjwa na wadudu aliowapata kwa samaki wengine, au kwenye mimea na vyombo vilivyotoka mbali, na kumrudisha ni kuyapeleka yote hayo ziwani. Wataalamu wa samaki wanakataza, na ziwa letu linajua kwa nini kitu kisimwagwe humo bila kufikiri. Mbuta aliletwa miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na aina nyingi sana za fulu, kati ya mamia yaliyokuwemo, hazikuonekana tena. Maji nayo yalichafuka na kupungukiwa hewa. Watafiti waliolinganisha fulu wa zamani na wa baadaye kutoka Ghuba ya Mwanza waliona kwamba aina moja ilipanua matamvua yake kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka ishirini hivi, ikijaribu kupumua kwenye maji yaliyozidi kukosa oksijeni. Hata ziwa lenyewe, kumbe, lina saa zake za kukosa pumzi.

Zipo aina za fulu ambazo leo zimesalia kwenye matangi tu, Ulaya na Marekani, mbali na maji yaliyozizaa. Uhai wa ukoo mzima unaning'inia kwenye pampu ya mtu. (Wapo waliobahatika zaidi: mmoja wa jamii hii, wa upande wa Mwanza, amepewa jina la Mwalimu Nyerere, na bado anaogelea kwao.) Fulu wangu si wa nadra hivyo. Walikuwa chambo tu. Hata hivyo nikifikiria matangi hayo ya mbali, naona kazi yangu ya jagi na rilei ni ileile.

Kwa hiyo jibu langu kwa mtoto ni kwamba siwezi kuwarudisha, na kwa sababu siwezi, pumzi yao iko juu yangu mpaka wafe kwa uzee. Sina hakika kwamba limemtosha. Mimi mwenyewe halijanitosha lote. Kinachoniuma ni kwamba yule jike hakuniomba nimtoe kwenye ndoo, nilimpenda nikambeba. Nimeamua sitachukua wengine wa ziwani. Nitawatunza hawa na watakaozaliwa humu, kwa idadi ambayo tangi linaivumilia bila stima.

Nakuru ni kwingine

Dada yangu anafuga samaki wa kitropiki Nakuru, mita 1,850 na ushei, na ushauri wangu ulimfaa nusu tu. Kule usiku wa Julai ni baridi, naye alitaka betri iendeshe hita ya wati 100. Betri ndogo kama yangu ingeishiwa chaji kwa kazi hiyo chini ya saa moja. Ila maji yana hazina yao: lita 120 zinaposhuka nyuzi moja tu huwa zimetoa joto la wati-saa 140 hivi, kwa hiyo hayapoi haraka ukiyafunika. Alizungushia tangi blanketi pande zote na kuacha sehemu ya juu wazi kwa ajili ya hewa. Betri akaiachia pampu. Nyuzi mbili tatu za kushuka polepole samaki wake wanazistahimili.

Kuipima, tena na tena

Kitu cha akiba kisichopimwa ni cha kujidanganya. Kila mwanzo wa mwezi nang'oa plagi ukutani na kusikiliza kama pampu ya betri inaanza bila mimi kugusa kitu. Mara moja haikuanza, waya mmoja ulikuwa umelegea. Nilishukuru kuligundua hilo adhuhuri. Chaja nayo nimeipitishia kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kwa sababu stima inaporudi huja na mshtuko unaounguza vitu vidogo.

Betri za risasi za aina hii huchoka baada ya miaka miwili, mitatu hivi, hata kama hazijatumika sana, na haziaminiki tena hata zikionyesha chaji kamili. Nimeandika tarehe ya kuinunua ubavuni mwake kwa kalamu nene, na chini yake mwezi wa kuibadilisha.